Jinsi ya kuandaa jioni ya kuisikiliza Loudness jijini Mwanza

Loudness ni bendi ya hevi metali iliyoundwa Osaka mwaka 1981, na safari yake inaeleweka kwa masikio kuliko kwa maelezo. Dakika 90 na nyimbo kumi hivi zinatosha, uani Capri Point au Malimbe. Usianze na "Crazy Nights" kwa sababu tu ndiyo inayojulikana. Ukianza nayo, kila kitakachofuata kitasikika kama nyongeza. Fuata miaka.

Umeme

Amplifaya nyingi za mtumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100. Ukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230, ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Usipokuwa nayo, transfoma ya ndani itaungua. Soma kibao cha nyuma ya mashine. Kikiandikwa 100V, tafuta transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mara mbili ya wati zilizoandikwa: amplifaya ya wati 200 ipate ya VA 400 au 500. Plagi isikudanganye. Fundi akibadilisha plagi, mashine ni ileile.

Mkitaka kusikilizia kwenye gari, redio nyingi za magari ya Kijapani zinaishia 90 MHz. Kifaa cha kurushia FM kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti kiwekwe kati ya 87.5 na 90, la sivyo mtasikia mkwaruzo tu.

Spika na miamba

Hapa ndipo jioni nyingi za Mwanza huharibika. Jiwe kubwa lililo mita 20 mbele ya spika linarudisha sauti baada ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwenye nyimbo za taratibu hutajali. Kwa Munetaka Higuchi, mpiga ngoma wa bendi hii anayepiga ngoma za miguu mfululizo, kila pigo litasikika mara mbili na gitaa litazama humo. Geuza spika zipe jiwe mgongo, ziinue hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, na wasikilizaji wasikae zaidi ya mita sita kutoka kwenye spika. Taa iwe mbali na viti, maana wadudu wa ziwani wanaifuata. Pata ruhusa serikali ya mtaa mapema, anza saa 10 jioni, umalize kabla ya adhana ya magharibi.

Usawa wa sauti

Diski za miaka ya 1980 zimerekodiwa kwa sauti ya chini kuliko za miaka ya 2000. Ukizipiga hivyo hivyo, watu watadhani bendi ilizidi kupata nguvu, kumbe ni kiwango cha diski. Ingiza nyimbo zote kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, uziweke kwenye -18 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika). Hapo za karibuni ndizo zitakazoshuka zaidi. Ukilazimisha za zamani zipande zifikie mpya, vilele vitakatika na matoazi yatasikika kama mchanga.

Angalia pia matoleo. *Disillusion* ya 1984 ipo ya Kijapani na ya Kiingereza. *Shadows of War* na *Lightning Strikes* za 1986 ni albamu moja, moja kwa soko la Japani na nyingine kwa Marekani, zikiwa na michanganyo tofauti ya sauti. Ni rahisi kupakua zote mbili ukadhani umepata kazi mbili.

Mpangilio

Fungua na wimbo "Loudness" kutoka *The Birthday Eve* (1981). Kabla ya kuupiga, sema sentensi moja tu: mpiga gitaa Akira Takasaki na Higuchi walitoka bendi ya Lazy, wakaungana na Masayoshi Yamashita kwenye besi na mwimbaji Minoru Niihara. Fuata na "Speed" (1983), halafu "Crazy Doctor" na "Ares' Lament" kutoka *Disillusion*. Kwenye "Crazy Doctor" waambie watu wamsikilize Takasaki akigonga nyuzi kwa vidole vya mkono wa kulia juu ya shingo ya gitaa; ndiyo alama yake.

Sasa "Crazy Nights", kutoka *Thunder in the East* (1985). Mtayarishaji ni Max Norman, na albamu ilifika nafasi ya 74 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, jambo kubwa kwa bendi ya metali ya Japani. Niihara anapopaza M.Z.A., watu wa hapa watasikia kifupi cha Mwanza. Waache waitikie.

Kutoka *Hurricane Eyes* (1987), aliyoitayarisha Eddie Kramer, piga "S.D.I." kisha "So Lonely". Huu wa pili ni "Ares' Lament" uleule kwa Kiingereza. Rudia nusu dakika ya "Ares' Lament", hapo hapo. Kusafishwa kwa sauti kwa ajili ya Marekani, faida yake na hasara yake, kunasikika bila hotuba. Ikibidi kupunguza nyimbo, usiguse "Ares' Lament" na "So Lonely".

Miaka iliyofuata pita haraka. Niihara aliondoka, na Mmarekani Mike Vescera akaimba *Soldier of Fortune* (1989). Wimbo mmoja unatosha. Mwaka 1992 aliingia mwimbaji Masaki Yamada, pamoja na Taiji aliyetoka bendi ya X kwenye besi: piga "Black Widow", na usishangae wengine wakiupenda kuliko yote, kwani ni mzito kweli.

Wanne wa mwanzo walirudiana mwaka 2001 na *Spiritual Canoe*. Higuchi alifariki kwa saratani ya ini tarehe 30 Novemba 2008, akiwa na miaka 49. Acha sekunde 20 tupu kwenye orodha baada ya wimbo wa *Spiritual Canoe*, na uzime kipengele cha kuunganisha nyimbo, maana simu nyingi huufuta ukimya huo. Kisha malizia na "Soul on Fire" kutoka *Rise to Glory* (2018), ngoma zikiwa mikononi mwa Masayuki Suzuki.