Jinsi ya Kutambua Badiliko la Awamu katika Titanati ya Bismuthi

Titanati ya bismuthi, Bi4Ti3O12, ni kauri ya kihami inayobadili awamu, yaani muundo wa fuwele, inapofikia takriban nyuzi 675 za Selsiasi. Chini ya halijoto hiyo fuwele zake ni za monokliniki (pembe moja ya umbo lake si ya mraba), ingawa zinakaribiana mno na umbo la orthorombiki (pembe zote za mraba, pande tatu tofauti) hata watafiti wengi huzihesabu hivyo; juu yake huwa za tetragonali (pembe za mraba, pande mbili sawa), na utengano wa chaji uliojijenga ndani yake hutoweka.

Ili kupata gramu 10, pima gramu 7.95 za oksidi ya bismuthi na gramu 2.05 za dioksidi ya titani, uzisage pamoja katika ethanoli, ukaushe unga, kisha uuchome kwa nyuzi 750 hadi 800. Oksidi ya bismuthi huyeyuka karibu na nyuzi 825 na huvukiza kwa wepesi; kwa hiyo unga ukishakandamizwa kuwa vidonge, na vidonge hivyo vinapochomwa tena kwa nyuzi 1000 hadi 1100, vifukie ndani ya unga wa aina ileile na ufunike chombo. Wapo wanaoongeza oksidi hiyo tangu mwanzo ili kufidia upotevu, lakini ni afadhali kuuzuia, kwa sababu ziada isiyovukiza huacha Bi12TiO20, kiwanja kingine chenye bismuthi nyingi zaidi.

Kagua kidonge kwa eksirei kabla ya kipimo chochote cha umeme. Kwa eksirei zinazotolewa na shaba, kilele kikuu cha mchoro huonekana karibu na digrii 30 (pembe ambayo miale hupindishwa na fuwele), na karibu na digrii 33 huwapo vilele viwili vilivyokaribiana, ambavyo huungana kuwa kimoja sampuli inapopita nyuzi 675. Kilele cha digrii 27.7 hivi ni dalili ya Bi12TiO20.

Hatimaye paka nyuso zote mbili platini, pasha kidonge polepole, na upime uwezo wake wa kuhifadhi chaji kwa kilohezi 1, kilohezi 100 na megahezi 1. Uwezo huo hufikia kilele kwenye badiliko, na kilele cha badiliko halisi hubaki kwenye halijoto moja kwa masafa yote. Kinachohama kadiri masafa yanavyobadilika kwa kawaida hutokana na nafasi zilizoachwa na oksijeni, na mkondo unaovuja huweza kukifunika kabisa kilele halisi katika kilohezi 1, hivyo tegemea zaidi megahezi 1. Rudia kipimo wakati wa kupoa: kilele kurudi nyuzi chache chini ni jambo la kawaida, lakini kikizidi kuhama kila mzunguko, pima tena uzito wa kidonge, maana huenda bismuthi inapotea.