Azalea yako haikufi ju ya kivuli, inakufa ju umezika shingo yake

Ba mama na ba papa wenye parsele huku Bukavu, kila mvua ikianza napata picha zile zile kwenye simu. Azalea, gardenia ao kameliya imepandwa chini ya avoka ao pembeni ya kloture, majani yamekuwa manjano, yananyauka na udongo umelowana chapa, na mwenyewe anauliza kama ni kivuli ao ni wadudu. Namuomba picha ingine, ya pale chini shina inapoingia kwenye udongo. Naona shina imesimama wima, haipanuki hata kidogo, mzizi hata moja hauonekane. Basi, jibu nishalipata, umepanda chini sana.

Kivuli musikisingizie. Haya maua pamoja na brunfelsia (ile inafunguka rangi ya zambarau halafu siku zikipita inaishia nyeupe) yanapenda jua ya asubuhi masaa 3 ao 4, mchana kivuli. Udongo wetu mwekundu wenye asidi njo yanautaka kabisa, kameliya ni ndugu ya damu ya majani ya chai na chai munaona vile inakubali kule Ngweshe. Shida ni shimo.

Mutu anachimba shimo ya mgomba, santimetre 60 kwenda chini, anajaza fumye (mbolea ya mifugo), anatumbukiza ua ndani, anafukia, anakanyaga na viatu. Mgomba sawa, lakini mizizi ya azalea ni membamba sana na mingi yake inakaa kwenye santimetre 15 mpaka 30 za juu, ju pale njo kuna hewa. Udongo wetu ni mfinyanzi mzito, sasa maji ya mvua inashuka kwenye ile udongo laini uliyojaza, inagonga kuta ngumu, inakosa njia, shimo yako imekuwa beseni. Na ile fumye ikioza inapungua, ua linashuka nayo polepole mpaka shingo, yaani pale shina inaisha na mizizi inaanza, inafunikwa. Ganda la shina halijazoea kukaa kwenye maji, linaoza, ukungu unaingia. Na haifi siku ile ile, inaweza kukaa mwaka muzima ikiteseka, njo maana watu hawaunganishi kifo na shimo wanaanza kutafuta mchawi wa kivuli.

Sasa vipimo, na tafazali chukua metre, jicho hapana. Toa sashe yote (ule mfuko wa plastiki ua limekuja nao), kisha kwaruza udongo wa juu na kidole mpaka uone mzizi wa kwanza mnene, ju kwenye mapepinyeri (pale wanakuza na kuuza miche) wanapenda kuongeza udongo kwenye sashe na shingo inakuwa imeshazikwa kabla hata haujalipa. Kutoka pale pima urefu mpaka chini ya bonge, yaani udongo na mizizi vilivyoshikana. Kama ni 25, shimo yako ni 20. Narudilia, 20, haiko 25, haiko 30 "ju ya usalama". Upana ndio uongeze, mara tatu ya bonge, bonge ya upana 20 shimo ya upana 60. Chini ya shimo usilainishe, acha pagumu vile pako ili bonge lisizame. Weka bonge, laza fimbo iliyonyooka juu ya shimo kutoka ukingo mpaka ukingo: kichwa cha bonge lazima kipite fimbo kwa santimetre 4 ao 5. Kikiwa sawa na fimbo, toa, ongeza udongo chini, shindilia, pima tena. Unajaza na udongo ule ule uliyotoa, mboji isipite sehemu moja juu ya ine, unatelemsha pembeni polepole bila kufunika kichwa cha bonge. Nusu bidoni ya maji, ile ya litre 20. Majani makavu unene wa santimetre 5 mpaka 7, na yaanzie santimetre 10 mbali na shina, kuyarundika kwenye shina ni kuzika tena kwa njia ingine.

Wale wa mabonde na milima, Bagira, Kadutu, Panzi, nyinyi muko na kazi ya ziada. Unaweza kupanda vizuri mwezi wa kenda, lakini ukifika mwezi wa kumi na mbili shingo imeshazikwa, ju kila mvua kubwa inateremsha udongo wa juu na kuumwaga pale. Chonga kwanza ka tuta tambarare ka metre moja, weka mawe nusu mwezi upande wa juu, na kila mvua kali ikipita toa udongo uliyokuja. Na mkono, usilete jembe karibu na ile mizizi.

Chini ya avoka kaa mbali na shina yake metre 2, ukikutana na mzizi wake unaopita kidole gumba, songa, usikate. Chini ya mikaratusi acha kabisa, inakunywa maji yote.

Panda kuanzia mwezi wa kenda wakati udongo umelowana mpaka santimetre 20, mwisho mwezi wa kumi na moja. Wanaopanda mwezi wa tano ju "mvua bado iko" ndio hao hao wanalia mwezi wa saba. Kiangazi mbili za kwanza, nusu bidoni mara mbili kwa juma. Ukiona majani mapya yenye kungaa kwenye ncha, imeshika.

Kwa zile zimeshazikwa: chini ya mwaka moja, ngoja mwezi wa kenda, zunguka na beleshi santimetre 30 kutoka shina, inua bonge zima, jaza chini, pima na fimbo. Ya zamani usiing'oe, fukua tu kwa mkono mpaka shingo itoke. Ukifukua ukakuta ganda ni laini, jeusi, linazunguka shina yote, ng'oa, choma, na pale usirudishe azalea wala kameliya, ule ukungu unabaki kwenye udongo.