Kabla ya Kujiandikisha Triathloni ya Masafa Marefu: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwenye Familia

Triathloni ni mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, na saa haisimami hata pale unapovua kofia ya kuogelea na kutafuta viatu. Masafa kamili ni kilomita 3.8 majini, 180 kwenye baiskeli na 42.2 kwa miguu. Nusu masafa ni 1.9, 90 na 21.1. Shindano la kwanza la masafa kamili lilifanyika Oahu, Hawaii, Februari 1978, ambako watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Kwa sisi wa Afrika Mashariki, mambo yamesogea karibu tangu 2022, mwaka ambao Rubavu, nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, palianza mashindano ya nusu masafa. Ninaandika nikiwa na hayo ya Rubavu akilini, kwa sababu naona mtu mwenye kazi na watoto ana haki ya kuanza na nusu, na pengine kuishia hapo.

Jambo la kuzingatia kabla ya mengine yote ni makubaliano ya nyumbani, nayo yapatikane kabla ya kulipa ada. Mimi nilijiandikisha saa tano usiku, kisha asubuhi nikampa mwenzangu habari huku akimfunga mtoto kamba za viatu vya shule. Hakugomba, aliuliza tu ni nani atakayekuwa na watoto siku za Jumamosi. Sikuwa na jibu, na msimu ule ulinifia mikononi katika wiki ya kumi na moja, si kwa kuumia goti wala kukosa pumzi, bali kwa sababu kila saa niliyofanya mazoezi ilikuwa imechukuliwa kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo, mazungumzo hayo yaende na hesabu ya kweli. Kwa nusu masafa, mtu wa kawaida anayetaka kumaliza salama hujikuta akihitaji saa 8 hadi 10 za mazoezi kwa wiki katika miezi ya mwisho. Lakini saa ya mazoezi na saa ya kutokuwepo ni vitu viwili tofauti: baiskeli ya saa nne huiondolea nyumba mtu kwa saa sita, ukijumlisha kujaza upepo, kurudi, kuoga, kula, na ule usingizi wa mchana ambao hakuna anayeupanga ila kila mtu huupata. Usimwambie mwenzako saa nne halafu ukachukua sita. Ni afadhali kutaja sita na kurudi mapema.

Baada ya hapo chukueni kalenda moja, ya ukutani, muijaze pamoja kuanzia siku ya shindano kurudi nyuma kwa wiki 24 hivi, mkianza na mambo ya familia. Ukiwa na mtoto wa darasa la saba, mtihani wa Tanzania Bara huwa Septemba, na miezi ya kumsaidia kusoma ndiyo hiyohiyo ambayo mtu anayejiandaa kwa shindano la Agosti huwa amechoka kupita kiasi. Ramadhani nayo huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya rafiki yako wa miaka mitatu iliyopita haiwezi kunakiliwa. Harusi, zamu za usiku za mwenzako, safari ya kwenda kumwona mama kijijini, vyote viandikwe kwanza, na mazoezi yaingie kwenye nafasi zinazobaki. Zisipotosha, mwaka huo si wako.

Kuogelea kunastahili uangalifu wa peke yake. Vifo vichache vinavyotokea katika mchezo huu hutokea zaidi majini, na mwenye watoto hana ruhusa ya kulipuuza hilo: apimwe moyo na shinikizo la damu kabla ya kuanza, na asiogelee peke yake hata kama maji yametulia kama ya kwenye beseni. Kwa kawaida muda wa mwisho wa kilomita 1.9 ni saa moja na dakika 10, yaani dakika 3 na sekunde 40 hivi kwa kila mita 100. Asiyeweza kuushikilia mwendo huo bwawani bila kushika ukuta ajifunze kwanza, kisha ajiandikishe.

Kwa wakazi wa pwani kuna jambo ambalo programu za mazoezi zilizoandikwa Ulaya hazilijui. Maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku, na kwa sababu hiyo, Jumamosi ukiyakuta yamejaa saa 12 asubuhi, Jumamosi inayofuata saa ileile utayakuta yamekupwa, na utatembea juu ya mwani na shokomba huku umebeba miwani mkononi. Huwezi basi kuiahidi familia saa moja isiyobadilika. Nilichofanya ni kuandika kwenye kalenda Jumamosi za maji kujaa, moja baada ya kuruka moja, ndizo za bahari; zile nyingine ni za bwawa, na watoto huja nami. Ikumbukwe pia kwamba Kivu ni maji baridi yasiyo na chumvi, hayakusaidii kuelea kama ya bahari, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa pwani atahema mapema kuliko alivyozoea.

Baiskeli ndiyo inayokula muda na fedha. Ya mtumba inatosha, mradi iwe ya kipimo chako na breki zake zishike. Kofia ngumu tu ndiyo usinunue ya mtumba, kwani iliyokwisha kupigwa chini haikingi tena hata kama haionyeshi ufa. Wekeni kiwango cha juu cha matumizi mkiwa wawili, kikiwa na nauli na malazi ndani yake, na ada ya shule isiguswe. Unapotoka alfajiri, acha karatasi mezani yenye njia unayopita na saa ya kurudi, washa taa mbele na nyuma, na jifunze kuziba pancha mwenyewe ili simu ya saa moja asubuhi isiwe ya kuomba kuja kuchukuliwa. Siku ambazo mwenzako hayupo, baiskeli iliyofungwa kwenye stendi sebuleni, ukikanyaga bila kusogea, mtoto akiwa bado amelala, inafaa kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu kukimbia sina mengi. Wengi wetu tunaweza, na kosa ni kuzidisha. Chakula nacho kijaribiwe mazoezini, ndizi, tende au viazi vitamu vya kuchemsha, na maji yaende na chumvi, kwani kunywa maji matupu kwa wingi kwa saa nyingi hushusha chumvi ya mwili hadi kuwa hatari.

Mwisho panga wiki inayofuata shindano kwa makini yaleyale, maana ndiyo wiki ambayo deni hulipwa. Kwenye kalenda yetu, Jumamosi ya kwanza baada ya Rubavu ina neno moja kwa mwandiko wa mwenzangu, "Bagamoyo", naye anakwenda na dada zake, na mimi ndiye ninayebaki na watoto.