Kuvuka Nungwi hadi Misali kwa boti ya injini: anza na mwezi

Wanaoniuliza namna ya kutoka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kwenda Pemba na boti zao huanza na injini: nguvu kiasi gani, inakula kiasi gani. Mimi huanza na kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa jikoni. Boti yangu ni ya mita 12, injini mbili za dizeli, inazama mita 1.2 majini, na mwendo wake wa raha ni noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa.

1. Chagua msimu, kisha siku ya mwezi

Kusi, upepo wa kusini, likishika, hasa Juni hadi Agosti, kati ya Ras Nungwi na Pemba utapigwa ubavu njia nzima. Subiri maleleji, kipindi cha upepo kubadilika: Oktoba na Novemba, au Februari hadi mwanzo wa Machi.

Sasa siku. Milango ya magharibi ya Pemba, yaani nafasi za kupita kati ya miamba, kama ile ya karibu na visiwa vya Fundo na Njao, unaiingia ukielekea mashariki. Asubuhi jua liko usoni, maji yanang'aa kama bati jipya na mwamba huuoni. Kwa hiyo unaingia baada ya adhuhuri. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku 2 au 3 baada yake, maji hupwa kabisa kwenye saa 4 au 5 asubuhi, kisha yanajaa hadi saa 10 au 11 jioni. Ukifika saa 7 mchana, jua linaanza kukaa mgongoni na maji yanapanda. Ukigusa chini, yatakunyanyua. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: mchana huohuo maji yanashuka, na ukikwama utangoja hadi usiku. Lakini bamvua ina mkondo mkali mlangoni, basi jedwali la maji la mwaka huu uwe nalo. Mwezi unakupa siku, dakika hazimo.

2. Piga hesabu ya kina

Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa siku hiyo ni mita 3.6. Gawa kwa 12, unapata sentimita 30. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Saa mbili baada ya kupwa una sentimita 90 juu ya kina cha maji ya kupwa. Saa tatu baada ya kupwa una mita 1.8.

3. Dizeli, na chupa ya maji

Boti yangu hula kama lita 25 kwa saa, injini zote mbili. Nungwi hadi Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, ni kama maili 35 za baharini. Kwenda, kurudi na kuzunguka Pemba ni saa 13, yaani lita 325. Hizo nazihesabu theluthi mbili, theluthi ya tatu ni akiba. Nabeba 490.

Mwaka mmoja nilinunua madumu sita kwa haraka, jioni, bila kuyaangalia. Katikati ya njia injini ya kushoto ikakohoa, ikazima. Robo saa baadaye ya kulia ikafuata. Chujio nilipolifungua lilikuwa na maji chini na utelezi wa kahawia juu yake. Tulielea saa nzima. Tangu hapo kila dumu nalipima kwa chupa ya plastiki safi: jaza, iache isimame nusu saa, itazame juani. Maji hukaa chini, na mstari unauona wazi. Vyujio vya akiba bebeni vinne, si kimoja.

4. Kuvuka

Ondoka saa 2 asubuhi. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Ukiwa wa noti 2, kwa saa nne na kitu unakusogeza maili 8 na zaidi, nawe unaelekea kaskazini-mashariki. Omo, yaani pua ya boti, iwe kulia kidogo kuliko mstari wa ramani. Redio iwe chaneli 16. Na weka mtu mbele: chupa tupu inayoelea mara nyingi ina kamba ya dema, mtego wa samaki, chini yake, na kamba hiyo inapenda propela.

5. Kutia nanga

Misali ni eneo la hifadhi: lipa ada, na nanga isiguse matumbawe kabisa. Tafuta weupe wa mchanga. Kahawia ni mwamba, kijani cheupe ni kina kifupi. Mnyororo pimia maji ya kujaa: mita 5 wakati wa kupwa ni karibu mita 9 jioni, kwa hiyo toa mita 45, mara tano ya kina hicho. Kisha rudi nyuma taratibu, weka kiganja juu ya mnyororo. Mnyororo ukitetemeka, nanga inaburura.

Ukilala Fundo, shuka uwasalimie wavuvi kwanza. Watakuonyesha mchanga ambao ramani haijauandika.

6. Kutoka

Ulipoingia, GPS iliweka alama za njia, usizifute. Ng'oa nanga saa 1 asubuhi: unaelekea magharibi, jua liko mgongoni, na kupwa ndiyo kwanza kumefika nusu. Mlangoni maji yanayotoka hugongana na mawimbi ya nje, boti itaruka mara tatu nne. Vikombe vifungieni kabla.