Namna ya kubomoa bwawa kuukuu bila kuua mto

Zege huvunjika, kinachosumbua ni tope lililolala nyuma yake. Kabla ya kuita mashine, pima kina cha ziwa lote kwa mashua, kisha shindilia bomba kwenye tope hadi ufikie ardhi ya zamani, utoe sampuli za maabara. Zikikutwa na zebaki, risasi au arseniki, tope hilo lichimbwe na kusombwa kwanza. Likiwa safi, mto utalibeba wenyewe.

Mto Elwha, jimboni Washington nchini Marekani, ulikuwa na mabwawa mawili: la chini la mwaka 1913, na la juu, Glines Canyon, la 1927, lenye ukuta wa mita 64. Yote mawili yalizuia takriban mita za ujazo milioni 21 za mchanga na tope. Ubomoaji ulianza Septemba 2011 ukaisha Agosti 2014. Glines Canyon ilimegwa kutoka juu, nyundo ya haidroliki ikifanya kazi kwenye tishari: tabaka moja, maji yanashuka, kazi inasimama.

Usiruke vituo hivyo. Maji yakitulia, mto huhamahama juu ya mchanga uliojitokeza na kuusukuma mbele ukitanda bonde zima. Ukiyashusha kwa pupa, mto huchimba mfereji mmoja mwembamba, na kuta za mchanga zinazobaki pembeni huendelea kuporomoka miaka mingi. Simama pia samaki wanapopanda kutaga, kwa sababu tope laini huziba matamvua yao na kufunika mayai kwenye changarawe.

Walio chini ya bwawa wanaokunywa maji ya mto wapate mtambo imara mapema, wenye chujio za akiba. Mwishoni mwa 2012 majani, vijiti na mchanga viliziba mtambo wa Elwha, na ubomoaji wa Glines Canyon ukasimama karibu mwaka mzima.

Sakafu ya ziwa ikikauka, mwaga mbegu za mimea ya hapohapo kabla magugu hayajawahi. Magogo makubwa yaache: yanakinga miche na upepo.

Ukuta ukiisha, bado kazi ipo. Chini ya Glines Canyon mawe yaliyoporomoka yaliwazuia samaki, ikabidi yalipuliwe kwa baruti. Kwa hiyo wafunge samaki wachache visambaza redio, uwafuatilie wakipanda. Wakirundikana mahali pamoja siku kadhaa, kagua hapo maji yakipungua.