Jinsi ya kuandika wosia wa shamba, mama asije akafukuzwa

Jamani ndugu zangu wa Uganda, tusingoje mzee afariki ndio tuanze kupigania kibanja. Wosia uwe wa maandishi, usaini mbele ya mashahidi wawili na wao wasaini mbele yako, na tafadhali shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu maana fungu lake litabatilika.

Sasa mjane, hapa usiandike juujuu. Wakulima wa Marekani wa karne ya 18, sheria kwa kawaida ilimpa mjane theluthi ya ardhi aitumie mpaka afe, lakini wengi waliandika hadi chumba atakacholala, ng'ombe atakayemkamua na kuni ambazo kijana amletee kila mwaka. Nawe fanya hivyohivyo, andika "mama abaki na nyumba, migomba yote ya upande wa kisima na yule ng'ombe mwekundu," mipaka uitaje, na mabinti uwataje kwa majina, nao ni watoto!

Usipoandika, Sheria ya Urithi ya Uganda iliyorekebishwa 2022 inagawa yenyewe, watoto asilimia 75, mjane 20, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Nakala moja mpe mtu unayemwamini, isikae nyumbani.