Makumbi ya nazi kwenye miche ya bustani
Kwa mnaotunza bustani na viwanja vya watoto hapa Unguja na hela ya maji haitoshi: chukueni makumbi kwa wafua nazi, wengi wao wanayaona takataka tu. Chimba mtaro wa kina cha shibiri kuuzunguka mche, mbali kidogo na shina. Panga makumbi makavu, upande uliokumbatia kifuu ukitazama juu, yaloweshe hasa, kisha fukia. Nyuzi zake hunyonya maji na kuyaachia polepole, hata jua la kaskazi linachelewa kufika mizizini. Ila yafukie kwelikweli! Yakibaki juu hukinga maji ya mvua na kuzalisha mbu wa dengue. Yaliyolowekwa pwani kwa ajili ya usumba (nyuzi za kusokotea kamba) yana chumvi, hayafai. Penye mchwa wengi pia, achana nayo.